Mafundi kompyuta, acheni kufomati diski za watu kabla ya kuzipima!

Wakuu, heshima kwenu.

Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Malalamiko yangu yanawahusu mafundi wa kompyuta ambao kwa kila tatizo wana jibu moja tu, nalo ni kufuta diski na kupiga Windows upya. Mashine nzito, fomati. Mashine inaganda, fomati. Faili halifunguki, fomati. Mteja hajamaliza hata kueleza shida yake, flashi ya Windows imeshachomekwa.

Sipingi kufomati. Ipo siku kufomati ndiyo kazi sahihi, kwa mfano pale sistimu ilipoharibiwa na virusi, au mashine inapohama kutoka kwa mmiliki mmoja kwenda kwa mwingine, au mpangilio wa mafaili umevurugika lakini diski yenyewe ni nzima. Ninachokipinga, na nitaendelea kukipinga, ni kufomati diski inayokufa bila kuipima, bila ridhaa ya mwenye mali, kisha kumtoza fedha na kumwambia kwamba mashine yake imepona.

Nina steshenari hapa Dar es Salaam, na kompyuta moja ya mezani ndiyo inayobeba kazi zote: wasifu wa waombaji kazi, barua, mitihani ya shule, pamoja na nakala za vitambulisho vya taifa vya NIDA ambavyo wateja huvileta viskaniwe. Kompyuta hiyo ilianza kuganda, lakini haikuganda ovyo. Iliganda pale tu ulipogusa folda fulani iliyokuwa sehemu ya D, yaani kile kipande cha diski kinachotengwa kwa ajili ya mafaili. Kishale kilizunguka, taa ya diski iliwaka bila kupepesa, na ukitega sikio kwenye kasha ulisikia mlio mkavu, tak, kimya, tak, halafu ukaja ujumbe kwamba data haisomeki. Ukifungua folda nyingine, kazi zilikwenda vizuri kabisa. Kwa mtu aliyejifunza kazi hii, dalili hizo zinatosha kumfanya aache kugusa kitu chochote mpaka ajue hali ya diski, kwa sababu diski inayoshindwa kusoma eneo moja hurudia kulisoma tena na tena, na huko kurudia ndiko kunakoigandisha mashine.

Fundi niliyempelekea, ambaye simtaji jina wala duka lake, alisema ni virusi kabla hata hajaiwasha. Nilimwambia kwa mdomo kwamba sehemu ya D isiguswe, na juu ya hapo nikabandika karatasi kwenye kasha yenye maneno hayo hayo. Niliporudi kuichukua, hapakuwa na D. Alizifuta sehemu zote za diski, akatengeneza moja, akapiga Windows juu yake. Nilipouliza, jibu lake lilikuwa, "Bosi, ilibidi. Si ungetoa vitu vyako kwanza?" Karatasi yangu ilikuwa bado imebandikwa pale pale kwenye kasha.

Kabla mtu hajaniuliza habari za bakapu, hesabu za duka ninazo kwenye diski ya nje na hazikupotea. Zilizopotea ni kazi za wateja zilizokuwa zinaendelea, ambazo nilimkabidhi fundi nikiwa nimeshamwambia zilipo. Mali ikiwa mikononi mwa fundi, iko chini ya dhamana yake.

Haikuchukua muda, mlio ule ule ukarudi. Nikarudisha mashine. Akafomati tena na kunitoza tena.

Hapa naomba nieleze kitu ambacho kila mteja anapaswa kukijua, maana ndipo watu wanapopigwa. Kufomati kwa haraka, ambako ndiko kunakofanyika wakati wa kupiga Windows kwa flashi, huchukua sekunde chache kwa sababu hakuigusi diski nzima. Kunaandika upya kumbukumbu za mwanzo zinazoonyesha faili gani liko wapi, basi. Ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo na kuziacha sura zote za kitabu zilivyo. Sekta mbovu, yaani vile vipande vidogo vya diski visivyosomeka tena, hubaki mbovu pale pale zilipo. Mashine inaonekana nyepesi kwa sababu Windows mpya ni tupu na bado haijafika kwenye eneo lililoharibika, na siku faili litakapoangukia hapo, mchezo unaanza upya.

Kufomati kamili ni kazi nyingine kabisa. Tangu Windows Vista, kufomati kamili huandika sifuri kwenye sehemu yote inayofomatiwa na kukagua sekta zake. Diski ya TB 1 inayoandika kwa kasi ya MB 120 kwa sekunde huhitaji zaidi ya saa mbili kumaliza. Uandishi huo unaweza kusaidia kidogo, kwa kuwa sekta iliyoshindwa kusomeka ikiandikwa upya, diski yenyewe hujaribu kuitumia, na ikishindikana huihamishia kazi yake kwenye sekta ya akiba. Lakini akiba hiyo ina kikomo, na diski ambayo namba ya sekta zilizohamishwa inazidi kupanda kila wiki haina matengenezo. Inapaswa kutolewa mafaili, kisha kutolewa yenyewe.

Na kuipima hakugharimu kitu! Mpwa wangu anayesomea kompyuta aliweka CrystalDiskInfo, programu ya bure, na jibu likatokea papo hapo. Badala ya bluu ya diski nzima ilikuwa njano ya tahadhari. Mstari wa 05, unaohesabu sekta zilizohamishwa, na mstari wa C5, unaohesabu sekta zinazosubiri uamuzi kwa sababu hazikusomeka, yote miwili ilikuwa na namba mahali pa sifuri. Taarifa hizo huitwa SMART, zimo kwenye diski tangu miaka ya 1990, na diski huziandika yenyewe mahali ambapo kufomati hakufiki. Maana yake ni kwamba hata baada ya fundi kuifuta diski yangu mara mbili, ushahidi ulikuwa umo ndani, ukimsubiri mtu yeyote mwenye nia ya kuutazama. Karibu yake kuna mstari wa C7, unaohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mama, na namba ikipanda hapo mara nyingi lawama ni ya waya wa SATA uliolegea au kuchoka. Ninajiuliza ni diski ngapi nzima zimefutwa katika nchi hii kwa kosa la waya.

Fundi makini, akiona njano, huanza na kunakili. Haendeshi kwanza chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwa sababu ukaguzi huo unaichosha diski iliyo taabani na unaweza kuyavuruga mafaili zaidi. Anaiunganisha diski kwenye mashine nyingine na kutumia programu kama ddrescue, ambayo huchukua kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi na kuyaacha maeneo sugu kwa ajili ya mzunguko wa baadaye. Akishamaliza hapo, na mwenye mali akathibitisha kwamba vitu vyake vipo, ndipo mazungumzo ya kufuta yanapoanza.

Turudi kwa fundi wangu. Nilipompelekea picha ya vipimo hakubisha. Alisema diski ibadilishwe, akaniuzia nyingine kwa bei ya mpya, na ile ya zamani akabaki nayo. Hiyo "mpya" tuliipima siku hiyo hiyo: ilikuwa imeshafanya kazi zaidi ya saa 21,000. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo diski hiyo ilikuwa imewashwa kwa muda unaozidi miaka miwili mfululizo, mahali fulani, kabla ya kufutwa vumbi na kuingizwa kwenye mfuko wa plastiki. Sina ugomvi na diski ya mtumba ikiuzwa kama mtumba. Nina ugomvi na mtu anayenidanganya nikiwa nimesimama mbele yake nimeshika fedha. Na hata saa hizo zisichukuliwe kuwa kinga kamili, kwa sababu mwanzoni mwa 2025 chombo cha habari cha Ujerumani, heise, kilifichua diski zilizotumika ambazo taarifa zake za SMART zilikuwa zimerudishwa sifuri na kuuzwa kama mpya.

Lakini kilichonifanya nishindwe kulala ni ile diski ya zamani. Niliiona kwenye rafu yake ikiwa na kibandiko cha bei, katikati ya diski nyingine zinazosubiri wanunuzi. Nilipoidai alisema haina tatizo, "imefomatiwa, haina kitu."

Wakuu, ina kitu. Angalieni ubaya wa jambo hili. Mimi mwenye mali nimeambiwa mafaili yangu yamekwenda na hayarudi, wakati mgeni atakayeinunua, akiwa na programu ya kurejesha mafaili na jioni moja ya subira, anaweza kuyapata yale yote ambayo Windows mpya haikuyaandika juu yake. Vitambulisho vya wateja wangu, namba zao za simu, saini zao. Kufomati kule kule kulikoninyima mimi kazi zangu hakukumzuia mwingine kuzipata!

Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa diski 158 za mitumba walizozinunua. Kati ya 129 zilizofanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Nyingine zilikuwa na barua, taarifa za kitabibu na maelfu ya namba za kadi za benki, na moja ilitoka kwenye mashine ya kutolea fedha. Wengi wa waliozifomati kabla ya kuziuza bila shaka waliamini kwamba hazina kitu.

Anayetaka kuifuta kweli diski ya sahani zinazozunguka (HDD) isiyo na ubovu anaweza kutumia diskpart, programu ya amri iliyomo ndani ya Windows, akaichagua diski kwa namba yake, akiihakiki kwa ukubwa kabla ya kubonyeza chochote, kisha akatoa amri ya clean all, ambayo huandika sifuri kwenye kila sekta. Amri ya clean peke yake haifanyi hivyo. Mzunguko mmoja unatosha kwa diski za leo. SSD, yaani diski zisizo na sahani, zina utaratibu wake na hufutwa kwa amri maalumu kupitia programu ya mtengenezaji. Ama diski yenye sekta mbovu kama yangu haiwezi kufutwa yote, kwa sababu sekta zilizokwisha kuhamishwa hazifikiwi tena na amri hizo, na data iliyokuwemo inaweza kuwa imebaki. Diski ya namna hiyo, ikiwa imebeba vitambulisho vya watu, haiuzwi. Inafunguliwa na sahani zake zinaharibiwa kabisa.

Wapo watakaosema fundi naye anatafuta riziki, na kwamba nimsamehe. Riziki yake ninaiheshimu, ila na mimi nina wateja walioniamini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na nakala ya kitambulisho cha mtu ni taarifa binafsi iwe kwenye kompyuta ya benki au ya steshenari. Mteja wangu akidhurika kwa taarifa hizo, atakuja kugonga mlango wangu, hatakwenda kwa fundi asiyemjua.

Nawataka mafundi mliomo humu mjibu bila kuzunguka: ni kwa nini hampimi diski kabla ya kuifuta, wakati programu ni ya bure na kazi yenyewe haimalizi hata dakika tano? Kwa nini hamwandiki kwenye karatasi ya mapokezi sehemu zipi mmeruhusiwa kufuta, mteja akaweka saini? Na kwa nini diski iliyobadilishwa haikabidhiwi kwa mwenyewe, hata kama imekufa?

Diski yangu bado ninaidai. Jumamosi hii ninakwenda kuifuata nikiwa na risiti na picha za vipimo, na asipoitoa nitapeleka malalamiko ya maandishi kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aliyewahi kupeleka shauri la aina hii pale, naomba anielekeze utaratibu na nyaraka wanazozihitaji.