Indonesia: saini 60 za majirani ziondolewe au zibaki?

Mleta mada
Wakuu, Wakristo wa Indonesia ni kama mmoja katika kila watu kumi. Wakitaka kujenga kanisa wanakutana na kanuni ya pamoja ya Waziri wa Dini na Waziri wa Mambo ya Ndani ya mwaka 2006. Mbali na masharti ya kawaida ya ujenzi, inadai mambo manne: majina 90 ya waumini pamoja na vitambulisho vyao; saini 60 za wakazi wa eneo wanaokubali; pendekezo la maandishi la ofisi ya dini ya wilaya; na pendekezo la FKUB, baraza la maelewano ya dini. Mimi nasema saini 60 zifutwe. Mtu haombi ruhusa ya jirani ili asali.

Mchangiaji wa 2
Napinga. Kabla ya hapo ilitumika amri ya 1969, isiyotaja idadi yoyote. Kila mkuu wa eneo aliamua apendavyo. Leo angalau unajua unatafuta saini ngapi. Halafu kanuni haisemi "kanisa", inasema "nyumba ya ibada". Kule wilaya ya Minahasa Kaskazini, yenye Wakristo wengi, Januari 2020 ukumbi wa kusalia Waislamu ulivunjwavunjwa, na hoja ilikuwa hiyohiyo: hauna kibali. Ukifuta kanuni, huyo Mwislamu wa Minahasa unamwachia nini?

Mchangiaji wa 3
Mnabishania namba, lakini tatizo liko kwenye muhuri. Majina 90 ni rahisi, maana kitambulisho cha Indonesia kina sehemu ya dini. Unatoa nakala, unapanga kwenye faili. Zile 60 ndizo ngumu. Lazima mtendaji wa mtaa au mkuu wa kijiji azithibitishe. Asipogonga muhuri, saini 60 au 200 ni karatasi tu. Akiugonga, wapinzani wanapita nyumba kwa nyumba na barua za kufuta saini. Kanuni haisemi kama aliyekwisha kusaini anaweza kujitoa, wala jirani ni wa umbali gani. Hapo ndipo watu wanapochezewa.

Faili likitoka huko linakwenda FKUB. Baraza la wilaya lina wajumbe wasiozidi 17, viti vinagawanywa kwa uwiano wa waumini, kila dini iliyopo ikipata angalau kimoja. Hawapigi kura; pendekezo linatoka kwa mwafaka. Wachache wakigoma, hakuna mwafaka. Mkuu wa wilaya au meya amewekewa siku 90 za kujibu ombi, ila FKUB haikuwekewa hata siku moja. Faili linaweza kulala humo miaka.

Mchangiaji wa 2
Hilo la FKUB nakubali, linahitaji ukomo. Lakini someni na kifungu cha 14: waumini 90 wakitimia na saini 60 zisitimie, serikali ya eneo *inawajibika* kuwatafutia mahali. Hiyo ni kinga.

Mchangiaji wa 4
Kinga ya kwenye karatasi, ndugu. Angalia kanisa la GKI Yasmin mjini Bogor. Kibali kilitoka Julai 2006. Februari 2008 mji ukakisimamisha. Waumini wakaenda mahakamani, wakashinda hadi Mahakama ya Juu Desemba 2010. Machi 2011 meya akakifuta kibali kabisa, akishikilia kwamba baadhi ya saini za majirani zilighushiwa. Kuanzia 2012 wakawa wanasali barabarani mbele ya Ikulu ya Jakarta, pamoja na waumini wa kanisa la HKBP Filadelfia la Bekasi. Jengo limezinduliwa 2023, tena kwenye kiwanja kingine kilichotolewa na mji. Hukumu ya kiwanja cha kwanza haikutekelezwa. Hapo kifungu cha 14 kilimlinda nani?

Mchangiaji wa 3
Na wanaosubiri wanasali wapi? Wengi wanakodi fremu za maduka. Kanuni inaruhusu jengo la muda, lakini nalo linahitaji kibali cha meya, na kibali chenyewe hakizidi miaka miwili. Ukilinganisha na muda wa faili, waumini wanaweza kutolewa kwenye fremu kabla hata FKUB haijakaa.

Mleta mada
Mchangiaji wa 2, hoja ya Minahasa imenigusa, na nakubali kwamba kufuta kila kitu kutawaumiza wachache wa dini zote. Basi narekebisha. Majina 90 yabaki, kwa kuwa yanaonyesha uhitaji. Saini 60 ziondoke. Mwenye pingamizi alete sababu ya jengo lenyewe: maegesho, mafuriko, mpaka wa kiwanja. FKUB ibaki kusuluhisha, isiwe na funguo za mlango. Na siku 90 zianze kuhesabiwa siku faili linapopokelewa kwa meya; zikipita kimya, kibali kihesabiwe kimetoka.

Mchangiaji wa 2
Kwenye hilo la kimya kuwa kibali bado sijakubali. Afisa mwoga ataandika "hapana" siku ya 89.

Mchangiaji wa 4
Aandike. "Hapana" yenye saini yake inapelekwa mahakamani. Kimya hakina pa kukishikia.