Nitapataje wenzangu wa kusaidiana nao ninapoishi na sonona na wasiwasi?

Mwanzisha mada

Wakubwa zangu shikamooni, na rika langu nawasalimu nyote.

Ninaishi na sonona iliyochanganyika na wasiwasi, hali ambayo daktari aliithibitisha baada ya watu wa nyumbani kuiita uvivu kwa muda mrefu. Ninatumia dawa na ninamwona mshauri nasaha kwa miadi. Vyote viwili vinanisaidia, wala sijaja hapa kuomba ushauri wa kuviacha. Shida yangu ni siku zilizo katikati ya miadi moja na nyingine, ambapo sina mtu hata mmoja ninayeweza kumwambia kwamba leo hata kuoga kumenishinda, bila yeye kushangaa au kuanza kunihubiria.

Mshauri wangu amependekeza nitafute kikundi cha watu wanaopitia hali kama yangu. Wazo nimelipenda, lakini kila ninapotaka kuchukua hatua mwili unakataa: moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, na ninaanza kuona jinsi wote watakavyonigeukia wakisubiri niseme. Zipo pia hofu mbili ambazo naona zina msingi. Ya kwanza ni kwamba nikikaa na watu walioelemewa kama mimi tutazidi kuelemezana. Ya pili ni siri, kwa sababu kazini hawajui, na sitaki wajue kupitia mdomo wa mtu mwingine. Naomba waliokwisha kupita njia hii wanieleze kikundi cha namna hii hupatikanaje, na nitajuaje kwamba nilichokipata ni kizuri kabla sijakiamini.

Mchangiaji wa kwanza

Marahaba, mwanangu. Mimi ni mwezeshaji wa kikundi cha kusaidiana, na niliingia humo nikiwa mgonjwa kabla sijapewa jukumu la kuongoza. Nitaijibu kwa kirefu hofu yako ya kuelemezana, maana hiyo ndiyo inayotenganisha kikundi kinachojenga na kikundi kinachoumiza, na watu wengi hawaambiwi mapema.

Hofu hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Amanda Rose wa Marekani alichapisha utafiti kuhusu watoto na vijana ambao, wakiwa na rafiki, huzungumzia tatizo lile lile mara kwa mara, hulichambua upya kila wanapokutana na kubaki katika uchungu wake. Aliona kwamba urafiki wa watu hao ulikuwa wa karibu zaidi, na papo hapo dalili zao za sonona na wasiwasi zilikuwa nyingi zaidi. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu mtu huondoka akiwa ameridhika kwamba amesikilizwa na kupendwa, huku mawazo yaliyomlaza chini yakiwa yamepata nguvu mpya. Ndiyo maana siwashauri watu wakipime kikundi kwa upole wa maneno yake peke yake. Kipime kwa utaratibu wake.

Nikupe mfano wa utaratibu ninaouheshimu sana. Mwaka 1937, mjini Chicago, daktari wa magonjwa ya akili Abraham Low alianzisha vikundi vya wagonjwa waliokuwa wametoka hospitalini, na baadaye vikundi hivyo vikawa vinaongozwa na wagonjwa wenyewe. Vinaendelea hadi leo kwa jina la Recovery International. Katika vikao hivyo mtu hasimulii maisha yake yote. Anachukua tukio moja dogo la siku za karibuni na kulieleza kwa hatua nne: nini kilitokea, mwili na mawazo vilifanya nini, yeye alitumia mbinu gani kukabiliana navyo, na zamani tukio kama hilo lingemfikisha wapi. Mtu atasema, kwa mfano, kwamba simu ya msimamizi wake ilimpata mezani, mikono ikatetemeka, kifua kikabana na wazo likamjia kwamba anafukuzwa kazi. Kwamba alijikumbusha kuwa hali ile inatesa lakini haiui, akaacha mikono itetemeke hivyo hivyo na kupokea simu. Na kwamba zamani angeizima, kisha akalala mchana kutwa. Wenzake huchangia kuhusu zile mbinu tu, na mwenyewe hujipongeza kwa juhudi aliyofanya, hata kama mazungumzo ya simu hayakwenda vizuri. Ona jinsi kila aliyekaa pale anavyoondoka na kitu cha kujaribu kesho yake.

Si lazima kikundi chako kifuate hatua hizo. Ila kabla hujajiunga, mwandikie mwezeshaji na umuulize kikao kinaendeshwaje, kila mtu anapewa muda gani, ushauri unatolewa kwa kuombwa au kila mmoja anaumwaga tu apendavyo, na mtu akisema anataka kujidhuru wanafanya nini. Mwezeshaji makini hujibu maswali hayo bila kukasirika, kwa sababu yeye mwenyewe alishayafikiria. Kikundi kinachowaambia wanachama waache dawa kikimbie siku hiyo hiyo. Dawa za sonona zikikatwa ghafla zinaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi na mahangaiko makubwa, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi, hivyo uamuzi wa kupunguza ni wako na daktari wako. Vilevile, usikae mahali ambapo mwisho wa kila kikao kuna bidhaa ya kununua.

Mchangiaji wa pili

Ndugu yangu, naomba niongeze kuhusu ule mwili unaokataa, kwa kuwa ugonjwa wangu mkubwa ni wasiwasi na naujua mlango huo.

Kila unapoahirisha, moyo hutulia mara moja, na utulivu huo ndio unaoufundisha ubongo kwamba kweli mahali pale palikuwa na hatari. Kesho yake hofu inakuwa kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo usisubiri siku utakayojisikia tayari. Punguza tu ukubwa wa hatua yenyewe. Mwombe mwezeshaji mapema akuruhusu kusikiliza bila kusema neno katika vikao vya mwanzo, na umwombe asikutaje kwa mshangao. Kama kikao kinafanyika kwa njia ya mtandao, ingia huku kamera ikiwa imezimwa. Lengo la siku ya kwanza liwe kubaki hadi mwisho, basi. Hata ukitoka hukumkumbuka mtu yeyote kwa jina, umefanya kazi uliyokwenda kuifanya.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba wenye wasiwasi tunapenda kuuliza ili tuhakikishiwe. Tunamtumia mwenzetu ujumbe kumuuliza kama maumivu haya ya kifua ni ugonjwa wa moyo, anatuambia si kitu, tunapumua, halafu baada ya muda mfupi tunauliza tena kwa maneno mengine. Daktari akishakupima na kukuambia moyo uko salama, mwenzako anayekupenda atakuwa na ujasiri wa kukwambia, kwa upole, kwamba swali hilo mmeshalijibu, kisha akuulize leo umepanga kufanya nini. Majibu ya namna hiyo huudhi mwanzoni. Mimi nawashukuru sana walionipa.

Mchangiaji wa tatu

Nawaheshimu wachangiaji walionitangulia, lakini naona wameanza na kikundi kana kwamba ndiyo njia pekee, jambo ambalo sikubaliani nalo. Kuna wakati sonona inakuwa nzito kiasi kwamba kukaa na watu kumi na kufuatilia maneno yao ni kazi isiyowezekana, na mtu akishindwa huhesabu kushindwa huko kuwa ushahidi mwingine dhidi yake. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, mwenza mmoja aliyepitia ugonjwa na kupata nafuu, anayezungumza naye kwa dakika chache katika siku walizokubaliana, anafaa kuliko kikundi. Vituo kadhaa vya afya ya akili duniani huwafunza na kuwaajiri watu wa aina hiyo, hivyo muulize mshauri wako moja kwa moja kama anamfahamu mmoja.

Kuhusu kama msaada huu una faida ya kweli, ushahidi upo na ni wa kutia moyo bila kutiwa chumvi. Uchambuzi uliokusanya tafiti mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba msaada wa watu wenye uzoefu wa ugonjwa ulipunguza dalili za sonona kuliko huduma ya kawaida peke yake. Karibu na kwetu sote tunaosoma Kiswahili kuna utafiti uliofanyika vijijini Uganda na kuchapishwa mwaka 2003, ambamo watu wenye sonona walikutana kila wiki katika vikundi vilivyoongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, na dalili zao zikapungua kwa kiwango kikubwa kuliko za wale ambao hawakuwa katika vikundi. Nchini Zimbabwe nako, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda huwakalisha watu benchini na mwanajamii aliyefunzwa, mara nyingi bibi wa mtaa, kwa mazungumzo ya mtu na mtu yanayolenga kutatua tatizo moja moja. Baada ya hapo wahusika hualikwa katika kikundi cha wenzao. Mpangilio huo, wa kuanza na mtu mmoja kisha watu wengi, ndio ninaoupendekeza kwako.

Kutafuta anza na wanaokutibu, kwa maana wao huwa wanajua vikundi ambavyo havijitangazi. Vyama vya watu wanaoishi na magonjwa ya akili na vitengo vya afya ya akili katika hospitali kubwa ni mahali pengine pa kuuliza. Ukikosa kabisa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mwongozo wa bure wa kuanzisha vikundi vinavyoendeshwa na wenye uzoefu wenyewe, na watu watatu mnaoaminiana mnatosha kuanza.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana nyote, hasa kwa lile la kuruhusiwa kusikiliza bila kusema. Nimeshamwandikia mwezeshaji mmoja aliyetajwa na mshauri wangu. Limebaki suala la siri, na limeongezeka swali ambalo limenijia nilipokuwa nikisoma majibu yenu. Ikiwa mwenzangu wa kikundini ataniandikia usiku wa manane kwamba hataki tena kuishi, mimi ambaye sijapona nitafanya nini?

Mchangiaji wa kwanza

Mwanangu, siri kwanza. Hakuna kikundi kinachoweza kukupa uhakika kamili, hivyo wewe ndiye utakayeamua ufunue kiasi gani. Tumia jina moja tu au la kubuni, usitaje unakofanya kazi, na kama kikundi kinawasiliana kwa WhatsApp, kumbuka kwamba namba yako ya simu inaonekana kwa kila aliyemo, na picha yako pia usipoificha kwenye mipangilio. Wengine huwa na namba ya pili kwa ajili ya kikundi peke yake, na hakuna anayewalaumu.

Sasa hilo la usiku wa manane. Mjibu, na umuulize kwa maneno ya wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulisema kwa sauti. Akikubali, muulize kama amepanga namna ya kufanya na kama anacho karibu kitu cha kujidhuru nacho, na umwombe akiweke mbali au ampe mtu mwingine. Muulize pia aliko na nani yuko karibu naye. Kisha usibaki na jambo hilo peke yako hata kama amekuapisha usimwambie mtu: mpigie mwezeshaji, mpigie ndugu au jirani yake ambaye anaweza kufika alipo, na kama hatari ni ya sasa hivi, wapigie wahudumu wa dharura au aliye karibu naye ampeleke hospitali usiku huo huo. Ahadi ya siri katika kikundi chochote cha maana ina mpaka, na mpaka wenyewe ni uhai wa mtu. Ndiyo maana nilikuambia uulize jambo hilo kabla ya kujiunga.

Wewe si mganga wake wala hukupewa zamu ya usiku. Una ruhusa ya kuwaambia wenzako tangu mwanzo kwamba baada ya saa fulani simu yako huzimwa, na kwamba katika muda huo namba ya kupiga ni ya huduma ya dharura au ya mwezeshaji. Na ikitokea umepokea ujumbe wa namna hiyo, hata kama mwenzako yuko salama, mweleze mshauri wako katika miadi inayofuata, au uombe miadi ya karibu zaidi, kwa sababu usiku kama huo unaweza kuyaamsha mawazo yako mwenyewe.

Yote haya usiyafanye kuwa sababu ya kurudi nyuma. Vikao vingi vinapita bila dharura yoyote, watu wakizungumza kuhusu usingizi, dawa zinazokausha mdomo, na jinsi ya kumjibu ndugu anayesema ujikaze. Mwezeshaji akikujibu, njoo utueleze amejibu nini kuhusu utaratibu wao, tuutazame pamoja.