Meza ya reli ya mfano: MGR na SGR za Dodoma katika chumba kimoja, nibaki na 1:87 au nihamie 1:160?

MgogoWaReli (Dodoma)

Habari zenu wanajukwaa. Ninajenga meza ya reli ya mfano itakayoonyesha Dodoma ya sasa, yaani mji wenye reli mbili za vizazi tofauti: MGR, reli ya zamani yenye upana wa mita moja, ambayo Wajerumani waliifikisha hapa mwaka 1910 wakielekea Tabora na Kigoma, na SGR, reli mpya iliyo pana zaidi, ambayo treni zake za abiria kutoka Dar es Salaam zilianza kufika mwaka 2024. Chumba nilichoruhusiwa kutumia kina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 3, kwa sharti la nyumbani kwamba kabati la nguo lililomo lisihamishwe.

Kazi imefikia hapa: fremu ya mbao za msonobari imesimama kwenye ukuta mrefu, plaiwudi ya milimita 12 imefungwa juu yake, na nimetandaza kipande cha kwanza cha reli yenye upana wa milimita 16.5 kwa ajili ya SGR. Upande wa MGR nina behewa moja tu la kubebea kontena, ambalo nimelikata kwa plastiki nyeupe ya mabango na ambalo bado linasubiri magurudumu.

Mashaka yangu ni nafasi. Mchongoko, treni ya umeme ya SGR, una mabehewa 8, na nikichukulia kila behewa kuwa na mita 25, treni nzima katika uwiano wa 1:87 (sentimita 1 ya mfano ni sentimita 87 za kweli) inafika karibu mita 2.3, ikiwa imemaliza zaidi ya nusu ya ukuta kabla sijaweka hata pointi moja (mahali treni inapobadili njia). Katika 1:160 treni hiyo hiyo ingekuwa na mita 1.25 tu. Je, nihame sasa, kabla sijanunua vifaa zaidi? Pia ningependa kusikia kwa wenzangu wa Kanda ya Kati mnavyokabiliana na vumbi na mbao zinazojikunja wakati wa kiangazi.

FundiManyoni

Ndugu MgogoWaReli, kwa mada uliyoichagua nakushauri usihame. Gawanya milimita 1,435 za upana wa SGR kwa 87 na utapata 16.5, ambayo ndiyo reli uliyokwisha kuitandaza. Gawanya milimita 1,000 za MGR kwa 87 na utapata 11.5, ambayo iko karibu sana na reli ya milimita 12 inayotumiwa na wajenzi wa mifano ya reli za mita moja, maarufu kama HOm. Kwa hiyo mtazamaji ataziona reli zako mbili zikitofautiana kwa upana kama zinavyotofautiana kweli, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kuijenga Dodoma badala ya mji mwingine wowote.

Reli ya HOm ina soko la uhakika kwa sababu Uswisi ina mtandao mkubwa wa reli za mita moja, hususan Rhätische Bahn ya Graubünden. Bemo ya Ujerumani imejijengea jina kwa mifano ya reli hizo, na Peco ya Uingereza hutengeneza njia na pointi za milimita 12. Katika 1:160, MGR yako ingehitaji upana wa milimita 6.25, na ungelazimika kutumia njia ya milimita 6.5 ya uwiano mdogo zaidi uitwao Z (1:220), ambayo mataruma yake ni mafupi na yamebanana mno kwa reli ya mita moja. Mtu aliyezoea kuona mataruma ya chuma ya Reli ya Kati atalitambua kosa hilo mara moja.

Kuhusu injini, hakuna kiwanda ninachokijua kinachouza mfano wa injini zetu za kundi la 88, zile zilizotengenezwa Kanada, hivyo bodi, yaani umbo la juu la injini, utaijenga mwenyewe. Chasisi, hata hivyo, inaweza kununuliwa. Wajenzi wa uwiano wa TT, yaani 1:120, hutumia reli hiyo hiyo ya milimita 12 kwa treni zao za kawaida, na injini zao za dizeli zenye ekseli sita hupatikana kutoka Ujerumani zikiwa mpya au zilizotumika. Pima umbali kati ya ekseli kabla ya kulipa, maana bodi hufuata chasisi na haiwezekani kufanya kinyume chake.

Mchongoko uupunguze kuwa mabehewa manne: vichwa viwili na mabehewa mawili ya kati. Utakuwa na mita 1.15, na jicho halitalalamika.

Kondoa160

Natofautiana na FundiManyoni kwa heshima. Uzuri wa Dodoma ni upana wake: tambarare, vilima vya mawe, na treni ndogo inayopita katikati ya eneo kubwa. Hilo 1:160 hulionyesha vizuri zaidi katika chumba cha mita 3, na treni ibaki na mabehewa yake yote. Ukiona MGR inakushinda, ijenge kama mandhari ya nyuma isiyotembea.

Mama_Stesheni

Naona mnabishania uwiano wakati tatizo liko kwenye umbo la meza. Mwanangu hajasema kama anataka treni izunguke, lakini hesabu zake zinaonyesha kwamba ndivyo anavyofikiria.

Behewa la mita 25 linakuwa na sentimita 28.7 katika 1:87. Kanuni ambayo wajenzi wengi huifuata ni kwamba nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa, la sivyo mabehewa yataning'inia nje ya reli kwenye kona. Hiyo ni sentimita 86, na kona ya kurudi nyuma itahitaji zaidi ya mita 1.7 za upana katika chumba chenye mita 3, ambamo kuna kabati na pengine mlango unaofungukia ndani. Achana na mzunguko. Jenga rafu ya upana wa sentimita 50 hadi 60 inayofuata kuta mbili, kwa umbo la herufi L, na treni zako zisafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine kama zisafirivyo kweli. Kwenye pembe ya chumba kona hiyo pana itapita vizuri ukiongeza ubao wa pembetatu.

MGR iweke mbele na chini, kwa sababu ndiyo yenye kazi nyingi za kutazama: kupanga mabehewa ya mizigo, kubadilisha injini, kiberenge kikisubiri pembeni. SGR ipite nyuma, juu ya tuta lililoinuka sentimita 8. Usihangaike kutengeneza mteremko wa kuziunganisha, maana kwa mwinuko wa asilimia 2 ungehitaji mita 4 za reli kupanda sentimita 8 hizo, tena kwa kazi isiyo na maana: reli hizi mbili zina upana tofauti, na behewa la moja haliwezi kuingia kwenye nyingine hata katika maisha halisi.

Kabati nalo lina faida. Pitisha rafu nyembamba nyuma yake, treni ziingie humo zisionekane, na hapo ndipo patakuwa Morogoro. Hata wa nyumbani watafurahi kwamba halikuguswa.

Unapokwenda kupiga picha za stesheni kwa ajili ya vipimo, omba kwanza ruhusa kwa mkuu wa stesheni, na ueleze unachokifanya. Chukua behewa ulilojenga uwaonyeshe.

Behewa_la_Tatu (Bahi)

Mimi nijibu la vumbi na mbao, kwa kuwa huku Bahi tunayo ya kutosha.

Mbao za fremu zitakusumbua kuliko reli zenyewe. Reli ya urefu wa mita moja, joto likipanda nyuzi 20, huongezeka takriban theluthi moja ya milimita. Mbao iliyonunuliwa ikiwa mbichi wakati wa masika hujikunja zaidi ya hapo kufikia Agosti. Weka mbao ndani ya chumba kwa wiki kadhaa kabla ya kuzifunga, paka rangi pande zote za plaiwudi pamoja na kingo zake, kisha acha nafasi ndogo kama unene wa kadi kwenye baadhi ya maungio ya reli. Miguu ya meza isiguse ukuta. Mchwa hawana habari kama hiyo ni meza au kuni.

Kwa kusafisha reli, tumia kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti safi. Msasa usiutumie hata kidogo, kwani mikwaruzo yake ndiyo inayoshika uchafu. Mapazia mazito na shuka la kufunika meza vitakupunguzia kazi hiyo.

Vumbi letu, hata hivyo, lina matumizi. Jiwe la kokoto lenye sentimita 5 linakuwa na milimita 0.6 katika 1:87, na mchanga wa korongo uliopitishwa kwenye chujio la chai unakaribia kipimo hicho. Uoshe, ukaushe, kisha pitisha sumaku juu yake mara kadhaa, maana punje zenye chuma zikiingia kwenye mota ya injini hazitoki. Utandaze kati ya mataruma kwa brashi laini, uloweshe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu dondosha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni, tone la gundi litabaki juu kama shanga na kokoto zitaelea.

Mibuyu isikutishe. Mbuyu wa mita 17 unakuwa na sentimita 20, shina lake ni waya wa umeme uliosokotwa na kufunikwa kwa karatasi iliyolowekwa kwenye gundi, na ukijenga Dodoma ya kiangazi hutahitaji jani hata moja.

MgogoWaReli (Dodoma)

Nawashukuru sana, shikamoo Mama. Nabaki na 1:87, na rafu ya herufi L nimekwisha kuichora ikipita nyuma ya kabati. Kondoa160, hoja yako ya upana naikubali, ila MGR isiyotembea siiwezi. Swali moja limebaki: behewa langu la kontena lina urefu wa sentimita 15 na ni jepesi kama kiberiti. Niliongezee uzito kiasi gani?

FundiManyoni

NMRA, chama cha wajenzi wa reli za mfano cha Marekani, kinapendekeza, kwa mabehewa ya reli nyembamba katika 1:87, gramu 21 za kuanzia na takriban gramu 4.2 kwa kila sentimita ya urefu. Behewa lako lifike gramu 84 hivi, likipimwa pamoja na magurudumu. Weka uzito chini ya sakafu, katikati ya fremu, wala usiuweke ndani ya kontena, kwa kuwa behewa lenye uzito juu hupinduka kwenye pointi. Nati za chuma zilizogundishwa zinatosha. Ukitumia chubwi za risasi za wavuvi, nawa mikono baada ya kuzishika.