Tupeane uzoefu: Tunaoishi mpakani mwa hifadhi Tanzania na Kenya, hasara anabeba nani na faida anapata nani?

Mlinda Dungu (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa juu ya dungu na chaji inaelekea kuisha, kwa hiyo makosa ya uandishi mtanisamehe.

Nalima Tunduru, kwenye ushoroba ambao tembo hupita kati ya hifadhi ya Selous na ile ya Niassa, Msumbiji. Njia yao ilikuwepo kabla baba yangu hajazaliwa, sibishani nayo. Ila msimu uliopita walinila ekari mbili na nusu za mahindi yaliyokwisha kubeba.

Ambaye hajawahi kuwasikia ajue kwamba tembo shambani hapigi kelele. Unasikia bua linakatika, ka, ka, kama mtu anavunja kuni za kuwashia moto. Kisha kimya. Kisha tumbo linanguruma, na hapo ndipo unajua yuko karibu kuliko ulivyodhani. Walikuwa saba. Nikapiga debe, jirani akapuliza vuvuzela, mtoto akamulika tochi. Mmoja akageuka, akatutazama, akaendelea kula. Asubuhi nikahesabu mistari iliyobaki: kumi na mmoja.

Mthamini alifika siku ya tisa. Kufikia hapo mbuzi wa mtaa mzima walishapita, naye akauliza swali la haki kabisa: hapa kipi kimeliwa na tembo na kipi kimeliwa na mbuzi? Sikuwa na jibu. Ndipo nikaelezwa Kanuni za 2011, zilizo chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Kumbe hakuna neno fidia humo. Kwa mazao kuna kifuta jasho, kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa kuna kifuta machozi. Kwa Kanuni hizo mwisho ulikuwa ekari 5, na shamba likiwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi hukuwa na chako. Jina lenyewe halidanganyi: jasho litafutwa, mahindi hayarudi.

Sasa kinachoniuma. Kijiji chetu kimo ndani ya WMA, yaani eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji vyenyewe. Pesa za pori zimeleta madawati na bati la zahanati, nakiri, na wanangu wanakalia madawati hayo. Lakini faida ikija ni ya kijiji kizima, hasara ikija ni ya nyumba moja. Kwenu mnafanyaje? Naomba visa vyenu wenyewe, siasa tuziache.

Laigwanani Mdogo

Pole sana kaka. Mimi ni mfugaji, Simanjiro. Masika ikianza, nyumbu na pundamilia wanatoka Tarangire kuja kuzalia kwenye mbuga zetu. Watu wa mjini wakiona picha wanasema jinsi gani binadamu na mnyama wanaishi kwa upendo. Hawajui kwamba nyumbu akishazaa hatupeleki ng'ombe pale, kwa sababu ndama wa nyumbu ana ugonjwa usiomdhuru yeye lakini unaua ng'ombe. Kwa hiyo majani yakiwa matamu kuliko wakati wowote wa mwaka, sisi tunayaacha na kwenda kwenye makavu. Hasara hiyo haina fomu wala mthamini.

Simba ni hadithi nyingine. Boma letu la zamani lilikuwa la miiba. Simba wala hahangaiki kuliruka: anakaa upande upepo unakotoka, ng'ombe wanapata harufu yake, wanalipuka wenyewe na kubomoa miiba, yeye anawasubiri nje. Usiku mmoja wa mvua tulipoteza watatu hivyo. Asubuhi vijana walishachukua mikuki, na mimi nisingewazuia.

Kilichotuzuia mara iliyofuata ni ukuta hai. Unakata matawi mabichi ya ile miti ya jamii ya Commiphora, unayachimbia kama nguzo, yanachipua, kisha unafunga waya wa seng'enge wa vyumba. Tulichangia sehemu ya gharama, shirika likatoa iliyobaki. Tangu tujenge, usiku tunalala. Kasoro yake niiseme: wa kwanza kupata walikuwa wenye uwezo wa kuchangia, mjane mwenye ng'ombe sita akangoja miaka miwili. Na mchana ukuta hausaidii, machungani bado ni mtoto na fimbo.

Mjini Raha

Mnalalamika nini? Nyie ndio mmevamia njia za wanyama. Hameni, basi.

Mlinda Dungu

Ndugu, kaburi la babu yangu liko mita arobaini kutoka kwenye hili dungu. Nihame nalo? Tuendelee wakuu.

VGS Mstaafu

Huyo wa mjini asipuuzwe moja kwa moja, maana ana robo ya ukweli, ila kaielekeza kwa mtu siye.

Nimekuwa askari wa wanyamapori wa kijiji kwa miaka tisa, upande wa Pawaga na Idodi, pembeni ya Ruaha. Nimefukuza tembo kwa mabomu baridi na nimemkamata shemeji yangu na magunia ya mkaa, kwa hiyo nimetukanwa pande zote. Nitawaambia nilichokiona. Tulikuwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi, umechorwa, umepigwa mihuri: hapa malisho, hapa kilimo, hapa pori. Ramani ilitundikwa ofisini. Baada ya muda nikaanza kukuta mashamba mapya upande wa pori. Ukimuuliza mwenye shamba anatoa karatasi, na karatasi ina sahihi ya viongozi wetu wenyewe. Mgeni kauziwa, kalipa, kasafisha, hana kosa. Tembo akipita njia yake ya siku zote anakuta mpunga. Lawama anabebeshwa tembo, halafu askari aliyechelewa kufika, na aliyegawa ardhi anakuja kwenye mkutano kutoa pole.

Kuchelewa tulichelewa kweli. Gari moja, vijiji zaidi ya kumi, na mafuta ya kuombea. Usiku mmoja simu zinaita kutoka pande tatu, unachagua nani umwache. Kuna mzee hajanisalimia mpaka leo.

Mleta mada, kuhusu ushahidi: usingoje mthamini. Alfajiri hiyo hiyo mwite mtendaji wa kijiji, piga picha za nyayo na kinyesi pamoja na mabua, pima eneo lililoliwa, aandike na kupiga muhuri kabla mbuzi hawajaamka.

Ole Mwenye Ploti

Hamjambo, mimi natoka Kenya, Maasai Mara. Kwetu ardhi ni ya watu binafsi sasa. Ranchi ya kikundi iligawanywa, baba akapata ekari 150 na hati yake. Baadaye majirani wakaunganisha mashamba yao yakawa hifadhi ya jamii, kambi za watalii zikakodi. Naboisho ilianza hivyo 2010. Uzuri wake ni kwamba malipo yanaingia kila mwezi kwa akaunti ya mwenye shamba, kama kodi ya nyumba, watalii wawe wengi au wachache. Hayapitii kwa kamati. Kwa hiyo lile swali lako la nyumba moja na kijiji kizima, kwetu lilijibiwa nusu.

Nusu ya pili ndiyo ilituletea kelele nyumbani. Baba alitia sahihi peke yake. Mama hakuwa kwenye hati, na ndiye anayejua ng'ombe wanakunywa wapi mwezi wa tisa. Mkataba ukasema malisho ni kwa zamu, eneo fulani mwezi fulani. Mwaka wa kwanza mama aliniuliza: tumekodisha shamba ama tumekodisha ng'ombe? Na jamaa asiye na hati, yule ambaye alikuwa analisha kwetu kwa ujirani, hakupata malipo na malisho akapoteza. Hakuna aliyemuuliza.

Halafu ikaja 2020. Ndege zikasimama, kambi zikafungwa, malipo yakakatwa. Ndio tukajua mpangaji wetu halisi ni mtu wa ng'ambo ambaye akikohoa kwake, sisi hatulipi karo. Kuna waliosema tuweke ua tulime ngano. Baba alikataa, siyo kwa mapenzi ya twiga, alisema ukishaweka ua umejifungia na wewe. Ng'ombe wa kwetu ukame ukija lazima watoke.

Kuhusu fidia, sisi tuna sheria ya 2013 inayotaja milioni 5 za Kenya kwa kifo. Ami yangu alipigwa na nyati mguuni, na kwa majeraha pia kuna kiwango chake. Fomu zilijazwa, daktari akaandika, kamati ikapitisha. Amezeeka akiwa na ile fotokopi kwa mfuko wa koti. Kiwango kikubwa kwa karatasi hakimsaidii mgonjwa. Afadhali hicho kifuta jasho chenu kingekuwa kinafika.

Mlinda Dungu

Hakifiki upesi, kaka. Kilipofika kwangu nilikuwa nimeshavuna msimu mwingine.

Binti Sagalla

Salamu kutoka Taita Taveta. Kwetu Sagalla ni jirani na Tsavo Mashariki, na tembo tumewajaribu kwa nyuki. Mizinga inaning'inizwa kwenye nguzo kuzunguka shamba, kila mita 10, mmoja mzinga wa kweli, unaofuata ni ubao tu wa kudanganyia, na wote wameunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya gizani, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Ngozi yake nene haimsaidii, wanamuuma machoni na ndani ya mkonga. Dakta Lucy King ndiye aliyeanza utafiti wake hapa Kenya, na tembo wengi kweli wanageuka.

Lakini msiende kununua mbao kesho. Kiangazi kikali nyuki wanahama, hakuna maua, hakuna maji. Na ni kiangazi hicho hicho tembo wanapokuja kwa wingi. Mwaka mmoja nilikuwa na mizinga kumi na miwili na nyuki kwenye mitatu. Nyegere naye akaja akapasua mmoja. Siku hizi naweka maji ya nyuki kwenye beseni lenye mawe, na nimepanda maua ya ufuta pembeni ambayo tembo hayapendi. Asali inanipa pesa ya vitabu. Mahindi yangu yanaliwa bado, ila kidogo, na pesa ya asali ni ya mkono wangu, haina mkutano.

Laigwanani Mdogo

Dada Sagalla hilo la mwisho umelisema vizuri. Na huyu ndugu wa Mara amenikumbusha. Huku kuna kijiji ambacho kampuni za utalii zimekuwa zikikilipa kila mwaka, tangu katikati ya miaka ya 2000, ili mbuga isilimwe. Kulisha ruksa, kulima hapana. Wengi walidhani tunauzwa. Mimi niliunga mkono kwa sababu moja tu: trekta likishapita kwenye mbuga ile, pundamilia wameondoka na ng'ombe wangu pia. Adui yetu ni mmoja. Wahadza wa bonde la Yaeda nao walipata hati ya kimila ya pamoja 2011, na sasa wanalipwa kwa kutunza msitu kupitia biashara ya kaboni, yaani kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na miti. Tofauti na WMA nyingi ni kwamba walianza na hati mkononi. Mwenye hati anaulizwa. Asiye na hati anaarifiwa, tena siku bikoni zinachimbiwa.

VGS Mstaafu

Hapo umegonga penyewe.

Mlinda Dungu, nyuki kwa Tunduru ni sawa ila ni mtaji. Anza na kamba ya katani, funga vipande vya nguo kila hatua mbili, paka oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya unga. Vaa kitu puani, nilishawahi kulia siku nzima. Mvua ikinyesha unapaka upya. Na usifunge shamba lako peke yako, maana tembo atahamia kwa jirani na utakuwa umenunua ugomvi. Fungeni wote kwa mstari mmoja.

Mlinda Dungu

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya wa wiki tatu.

Nimefanya mawili. Kwanza kamba: tumekubaliana nyumba saba, tumezungusha upande wa mtoni wote. Wa nane alikataa, alisema yeye ana dawa ya babu yake. Ndiye aliyeliwa wiki iliyopita, na sasa amekuja kuuliza bei ya katani.

Pili, nilisimama kwenye mkutano wa kijiji Jumamosi. Nikasema kanuni zinataka nusu ya mapato ya WMA irudi vijijini, basi katika fungu letu itengwe sehemu ya kuwatuliza walioliwa, ilipwe ndani ya wiki mbili kwa ushahidi wa mtendaji, bila kungoja wilaya. Mwenyekiti akasema kila mtu ataingiza mbuzi shambani kisha adai tembo. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli. Bibi mmoja akauliza kwa nini darasa lisimaliziwe kwanza. Nikakosa la kumjibu, mjukuu wake anasoma chini ya mwembe. Mjadala umeahirishwa hadi baada ya mavuno. Tumeteua watu wanne kuandika jinsi mbuzi watakavyotenganishwa na tembo, na mmoja wao ndiye mimi. Ole Mwenye Ploti, kama mna fomu mnayotumia huko kwenu naomba unitumie picha yake.

Na oili chafu imetuishia. Gereji ya mjini wameshaanza kutuuzia, zamani walikuwa wanamwaga.