Naomba ushauri: kusahihisha kina kwenye vipimo vya XBT vya zamani

Wakuu, nina faili za joto la Bahari ya Hindi zilizopimwa melini miaka ya 1980 kwa XBT (kipima joto cha kutupwa baharini, kinachopima kikizama). Chombo hiki hakipimi mgandamizo. Kina kwa mita kilikokotolewa kwa sekunde (t) tangu kiguse maji: 6.472t − 0.00216t². Kumbe huzama haraka zaidi, hivyo maji yanaonekana baridi kuliko yalivyo, hasa pale joto linaposhuka ghafla. Kwa aina za XBT ziitwazo T-4, T-6 na T-7, marekebisho ya 1995 huzidisha kina kwa 1.0336.

Faili nyingi hazitaji aina wala fomula. Nikizidisha iliyokwisha sahihishwa, kwenye mita 750 nakosea mita 25! Je, kina cha mwisho (mita 460 au 760) kinatosha kutambua aina? Na iliyosahihishwa mnaigunduaje?