Huyu mdudu wa aljebra kwenye Python ana dharau: x kutoa x SI SIFURI!

Wakuu, namtaja: SymPy, maktaba ya aljebra ya lugha ya programu ya Python. Unampa x utoe x, kitu ambacho hata mbuzi wa jirani anajua ni 0. Yeye anakurudishia x mbili, moja ina alama ya kutoa, macho makavu kabisa! Zinafanana herufi kwa herufi! simplify(), amri yake ya kurahisisha, nayo inaziangalia tu! X KUTOA X!!!

Mkoloni wa Terminal: Punguza povu. Moja umeitengeneza kwa Symbol('x'), nyingine kwa Symbol('x', positive=True), yaani x iliyo chanya. Jina moja, sifa tofauti, basi kwake ni akina Juma wawili. Piga srepr(e), e ikiwa ni hesabu yako, itakuonyesha ilivyo kwa ndani, utaiona hiyo positive=True. Tangaza x mara moja juu ya faili, uitumie hiyo hiyo.

Mleta uzi: Sasa kwa nini kwenye skrini anaziandika sawa? Si dharau hiyo?

Chumvi Kidogo: Mwenzio analilia sifuri wakati kutoa kwenyewe humo ndani hakupo 😂 Hesabu ni mti wenye matawi: x - y inahifadhiwa kama Add(x, Mul(Integer(-1), y)), yaani x jumlisha -1 mara y. Kugawanya pia hakuna: x/y ni Mul(x, Pow(y, Integer(-1))), x mara y kwa kipeo cha -1. Ukipita kwenye .args, orodha ya matawi, kutafuta tawi la kutoa, utazeeka.

Fundi Desimali: Na usishike e.args[0], tawi la kwanza, ukidhani ndiyo uliyoandika mwanzo. Anapanga anavyotaka yeye.

Mleta uzi: Jamani, x kutoa x!

Bi Kipeo: Afadhali wewe. Mimi 1/3*x inanipa 0.333333333333333*x.

Mkoloni wa Terminal: Hapo msimsingizie. Python imeshagawa 1/3 kabla yeye hajaguswa. Andika x/3, au Rational(1, 3)*x.

Chumvi Kidogo: Kuna wale wa e.subs(x, 2), kuweka 2 mahali pa x, halafu wanashangaa e iko vile vile. Haibadiliki hiyo, subs inajenga mti mpya. e = e.subs(x, 2). Na ukimpa ile x nyingine ya mleta uzi, habadilishi kitu wala hatoi kosa. Kimya.

Mleta uzi: MMEONA?

Bi Kipeo: Kwenye majedwali ya Excel ndiyo balaa, ukiandika 1/2 inageuka tarehe.

Fundi Desimali: Anza na sifuri na nafasi: 0 1/2.

Bi Kipeo: Imekubali! Na zile 300 zilizokwishageuka tarehe?

Fundi Desimali: Hizo utaziandika upya, dada.