Naomba ushauri: ramani ya Ziwa Kivu na dadu mbili

Jambo ndugu zangu. Niko Bukavu. Siku za Jumamosi tunakutana vijana wa Kadutu kucheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika: mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, dadu zinaamua. Sasa ninatunga wa kwetu, kwa Kiswahili: wasafiri wanatoka Bukavu kwa mtumbwi, wanapitia kisiwa cha Idjwi, hadi Goma.

Ramani nimeigawa kwa pembesita, kila moja kilomita 5. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 90, basi pembesita kama 18 zinatosha, safi kabisa. Lakini rasi za Bukavu zinamezwa zote pamoja na pembesita moja, na mimi nataka sana mchezaji achague atie nanga Muhumba au Nguba. Je, nichore ramani ya pili ya mji peke yake?

Kinachonisumbua zaidi ni dadu. Za pande 20 hapa ni taabu kupata, kwa hiyo tunatumia mbili za ludo. Hizo hupenda katikati: jumla ya 7 ina njia 6 kati ya 36, 12 ina 1 tu. Kuvuka dhoruba kunahitaji 8 au zaidi, yaani nafasi 15 kati ya 36. Nikimpa mpiga kasia hodari nyongeza ya 2, zinaruka hadi 26! Dhoruba haimtishi tena. Nyongeza iwe 1, au nipandishe shabaha? Mliowahi kutunga, ninyi mlifanyaje? Aksanti sana.